Kesi ya kwanza ya ulevi barabarani Uingereza: lipia hiki, kile kiache

Ukishapuliza mashine kituoni na kukabidhiwa karatasi ya mashtaka, huna muda wa kuzubaa. Tarehe ya mahakama mara nyingi huwa wiki chache tu mbele, na ndani ya wiki hizo simu yako itajaa matangazo ya mawakili, ya madalali wa bima, na ya watu wanaodai wana njia ya kukuokolea leseni. Makala haya ni ya Mswahili anayeishi England au Wales, ambaye hajawahi kushtakiwa kwa kosa hili, hakumgonga mtu, na hana pesa za kutapanya. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Tuanze na kisichonunulika. Ukikiri au ukipatikana na hatia, mahakama lazima ikufungie leseni kwa muda usiopungua miezi 12. Sheria za barabarani za mwaka 1988 hazimpi hakimu nafasi ya kushuka chini ya hapo eti kwa sababu una watoto wa kupeleka shule, una kodi ya nyumba, au unakula kwa usukani. Ule utetezi wa shida kubwa mno, ambao huenda umeusikia kwa jamaa aliyeponea chupuchupu, ni wa madereva waliofikisha pointi 12 kwa makosa ya mwendo kasi na mengineyo. Kwenye ulevi hautumiki. Anayekwambia umlipe ili akaulilie kwa hakimu anakuuzia hewa.

Mlango uliopo ni mwembamba: sababu maalumu. Kwa mfano, mtu alikutilia pombe kwenye soda bila wewe kujua, au ulisogeza gari mita chache tu, au kulikuwa na dharura ya kweli ya kuokoa maisha. Hata hapo unahitaji ushahidi, na kwenye kinywaji kilichotiwa pombe utahitaji mtaalamu wa kukokotoa kiwango, ambaye naye ana bili yake. Kama kisa chako ni hicho kweli, wakili wa kulipwa ana thamani. Kama si hicho, weka pesa mfukoni kwanza.

Jambo jingine kwa waliotoka kwetu: huku dhamana ya kawaida hailipiwi. Polisi wakishakushtaki kwa kosa hili hukuachia uende nyumbani kwa ahadi ya kufika mahakamani, bila kuweka fedha taslimu popote. Mtu akikupigia simu akidai pesa ya dhamana au ya kufunga faili, kata simu.

Sasa angalia namba iliyo kwenye karatasi yako. Kikomo ni maikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Ulipuliza mara mbili, na kinachohesabiwa ni kipimo kidogo kati ya viwili. Namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu, pamoja na kama utahitaji kumlipa wakili au la. Mwongozo wa mahakama unasema 36 hadi 59 ni faini na kufungiwa miezi 12 hadi 16. Kati ya 60 na 89 bado ni faini, ila kufungiwa kunafika miezi 17 hadi 22. Kuanzia 90 mahakama inafikiria adhabu ya kutumikia jamii na kufungiwa miezi 23 hadi 28. Ukifika 120 na kupanda, mazungumzo ni ya jela, na kwa kosa hili jela inaweza kufika miezi sita.

Tuje kwenye mawakili, kwa maana ndiko pesa nyingi zinakopotea.

Wa kwanza ni wa bure. Kila mahakama ya mahakimu ina wakili wa zamu, yule wanayemwita duty solicitor. Kwa kuwa kosa hili linaweza kuadhibiwa kwa jela, una haki ya kumtumia siku ya kwanza ya kesi, uwe na kipato kidogo au kikubwa. Atasoma karatasi za upande wa mashtaka, atakushauri ukiri au ukane, na ukikiri atakuombea nafuu mbele ya mahakimu. Mpaka wake ni huo huo: siku moja. Kesi ikisikilizwa kwa mashahidi, hayumo.

Kasoro yake ni haraka. Asubuhi hiyo ana watu wengine wengi, na huenda ukapata naye robo saa tu kwenye kijichumba cha pembeni. Basi muwahi. Kesi zikianza saa nne asubuhi, wewe fika saa tatu. Mtafute mhudumu mwenye joho jeusi na orodha ya majina mkononi, mwambie umefika na unamtaka wakili wa zamu. Uwe na karatasi moja uliyoandika nyumbani: kipato chako kwa wiki, wanaokutegemea, kazi yako, ulikuwa unaendesha kutoka wapi hadi wapi, na barua moja au mbili za watu wanaokufahamu. Robo saa inatosha kabisa kwa mtu aliyejiandaa.

Kwa mtu mwenye kipimo cha chini ya 90, asiye na ajali na anayejua alikunywa, huyu wa bure ndiye chaguo langu. Pesa ya wakili wa kulipwa haitapunguza ile miezi 12, na nafuu ya faini atakayokuombea ni ile ile.

Msaada wa kisheria wa serikali, unaogharamia wakili wako mwenyewe, una vipimo viwili. Kipato cha mwaka kikiwa chini ya £12,475 unapita kipimo cha pesa moja kwa moja. Kikifika £22,325 na zaidi unakosa. Katikati wanapiga hesabu. Lakini lazima upite pia kipimo cha uzito wa kesi, na kosa la kwanza la faini ambalo unalikiri hupita kwa nadra. Unaomba bila ada, kwa hiyo kama kipimo chako ni kikubwa au unakana kosa, omba.

Wakili wa kulipwa hutoza bei moja ya jumla kwa anayekiri, kwa kawaida kuanzia mamia ya pauni hadi kupita elfu moja. Usipige simu kwanza, maana kwenye simu ndiko unakoshikwa. Tangu Desemba 2018 kampuni za mawakili zinazosimamiwa na mamlaka yao zinatakiwa kuchapisha bei za kesi za barabarani kwenye tovuti zao. Soma bei tatu, kisha uliza kwa maandishi: VAT ya asilimia 20 imo? Nauli yake imo? Kesi ikiahirishwa analipwa tena? Na nani hasa atasimama siku hiyo, mwenyewe au kijana atakayetumwa? Bei ya £600 isiyo na VAT ni £720 kabla hujafika mlangoni. Hakikisha pia jina la kampuni limo kwenye rejista ya mamlaka ya mawakili. Wapo washauri wa mitandaoni wasio mawakili kabisa, na pesa yao ikishaondoka hakuna wa kumshitakia.

Ukitaka kukana kosa, bei hugeuka kuwa ya maelfu. Ukishinda, unaweza kurudishiwa gharama, ila kwa viwango vya msaada wa serikali, ambavyo ni vidogo. Yaani mtu anashinda kesi na bado anatoka na deni. Hili matangazo mengi hayalisemi kwa herufi kubwa. Akane aliye na hoja ya kweli, ambayo wakili asiyenufaika na kesi yake ameiona: gari hukuliendesha wewe, au taratibu za kupima kituoni zilivunjwa.

Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mambo ya sheria, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Mahakama ya jinai inamlipa yenyewe. Usimpe pesa jirani aje kukutafsiria, wala usimchukue mtoto wako.

Sasa faini, na hapa ndipo dakika zako zina thamani kuliko pauni zako. Kwa kipimo cha chini ya 90, faini ya kuanzia ni asilimia 150 ya mshahara wako wa wiki baada ya kodi. Ukikiri siku ya kwanza, inapunguzwa theluthi. Juu ya faini inakuja tozo ya waathirika wa uhalifu, asilimia 40 ya faini yenyewe, kisha gharama za mwendesha mashtaka, ambazo kwa anayekiri mapema kwa kawaida ni £85. Watu wengi hujiandaa kwa faini tu, halafu hizi mbili zinawashtua.

Chukua mtu anayebakiwa na £300 kwa wiki. Asilimia 150 ni £450. Toa theluthi, inabaki £300. Tozo ni £120. Ongeza £85. Jumla ni £505. Mwenye £400 kwa wiki atalipa £645 kwa hesabu hiyo hiyo. Anayeishi kwa posho za serikali anahesabiwa kuwa na £120 kwa wiki, hivyo atatoka na kama £253.

Lakini mahakama haijui kipato chako mpaka uiambie. Kuna fomu ya kipato na matumizi, MC100, ambayo wengi huijaza ovyo kwenye benchi la nje, kalamu ya kuazima, au hawaijazi kabisa. Asiyetoa taarifa hukadiriwa kipato, na mwongozo umekuwa ukitaja £440 kwa wiki. Yule yule wa £300, asipojaza fomu, anaweza kujikuta na jumla ya £701. Takriban pauni 200 zinaondoka kwa karatasi ya bure. Jaza fomu nyumbani, ambatisha hati za mshahara, na usidanganye, kwa kuwa kudanganya humo ni kosa jingine.

Aliye na £400 kwa wiki akikana na kushindwa hapati theluthi yake: faini £600, tozo £240, na gharama za mwendesha mashtaka zinazoweza kupita £600. Anasogelea £1,500, hapo wakili wake bado hajahesabiwa.

Huna pesa siku hiyo? Sema hapo hapo na uombe kulipa kwa awamu, ukitaja kiasi unachokimudu kweli kwa wiki au mwezi. Kukaa kimya ndiko ghali: deni la faini huweza kukatwa kwenye mshahara au posho, na mawakala wa kukusanya madeni huongeza ada zao juu. Usikope mkopo wa haraka wenye riba kulipa faini ambayo mahakama ingekugawia bila riba.

Na siku ya mahakama usiende na gari. Kufungiwa kunaanza pale pale mahakimu wanapotamka, na gari lako litabaki kwenye maegesho ya kulipia. Chukua basi.

Kitu kimoja ninachokuambia ukilipie bila kusita ni kozi ya madereva walevi. Mahakama ikikupa nafasi nawe ukaimaliza kwa wakati, kufungiwa kunapungua kwa hadi robo: miezi 12 inakuwa tisa, 20 inakuwa 15. Kozi ni ya takriban saa 16 zilizogawanywa kwa siku kadhaa, na bei inafika hadi £250. Hakuna wakili anayeweza kukununulia miezi mitatu kwa bei hiyo. Linganisha watoaji, maana bei zinatofautiana na baadhi hupunguza kwa wenye kipato kidogo au hukubali malipo ya vipande.

Masharti yake mawili usiyasahau. Nafasi hutolewa na mahakama siku ya hukumu, kwa hiyo mkumbushe wakili wa zamu aiombe. Pili, kozi ina tarehe ya mwisho, miezi miwili kabla ya siku unayotarajia kurudi barabarani. Ukichelewa, umelipa bure. Jiandikishe mwezi wa kwanza, kabla pesa haijapata kazi nyingine.

Gari lenyewe je? Likikaa bure linaendelea kukula. Gari lililoegeshwa barabarani lazima liwe na kodi na bima hata kama halisogei. Ukiwa na uwanja wako au gereji, litangaze kwa DVLA, wakala wa leseni na magari, kuwa haliko barabarani. Kutangaza ni bure, na kodi ya miezi mizima iliyobaki hurudishwa. Usilirudishe hata mbele ya nyumba yako kando ya lami.

Bima nayo ina mtego. Unayelipa kila mwezi mara nyingi umekopeshwa mwaka mzima, na ukivunja mkataba kuna ada ya kuvunja. Kama ulishadai fidia mwaka huo, wanaweza kutaka salio lote. Uliza kwa maandishi: nikivunja leo nitadaiwa kiasi gani? Kisha linganisha na miezi iliyobaki. Tuseme gari lina thamani ya £1,500, bima ni £90 kwa mwezi na huna pa kuliweka. Miezi tisa ni £810 kwa chuma kilichosimama. Uza sasa. Kama mwenzako ana leseni na analihitaji, iulize kampuni ya bima bei ya sera iliyo kwa jina lake, kisha amua.

Wenye gari la mkopo wasome mkataba kabla ya kurudisha ufunguo. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974 inakupa haki ya kusitisha mkataba wa kununua gari kwa awamu ukishafikisha nusu ya jumla yote, na jumla hiyo ina lile fungu kubwa la mwisho ndani yake. Andika wazi kuwa unasitisha mkataba chini ya sheria hiyo. Ukipiga simu na kusema tu njooni mchukue gari, wanaweza kulihesabu kuwa umelisalimisha, wakaliuza mnadani, na salio la deni likabaki shingoni mwako.

Kama polisi walilivuta gari usiku ule, lifuate haraka. Kwa gari dogo lisiloharibika ada ya kulivuta ni £192 na kulihifadhi ni £26 kwa siku. Mtume mwenye leseni na bima.

Kwenye usafiri, basi ndilo la bei nafuu kwa wengi: nchini England nauli ya safari moja kwenye mabasi yaliyo katika mpango wa serikali imewekewa kikomo cha £3 tangu Januari 2025. Kwa wenye zamu za usiku, baiskeli ya umeme ya kukanyaga, yenye injini isiyozidi wati 250 na inayokata msaada ifikapo maili 15.5 kwa saa, haihitaji leseni. Skuta ya umeme ya kusimama ni hadithi nyingine. Kisheria ni chombo cha moto, na ukikamatwa nayo barabarani ukiwa umefungiwa, kosa ni lile lile la kuendesha bila ruhusa ya mahakama, ambalo linaweza kukupeleka jela. Wauzaji hawalisemi hilo dukani.

Leseni ya Kenya au Tanzania haikuokoi pia. Mahakama imekufungia wewe kuendesha Uingereza, chochote kilicho kwenye pochi yako.

Kazi na makaratasi ya uhamiaji nitayapitia kwa kifupi ila usiyapuuze. Muuguzi lazima aiarifu bodi yake ya usajili, na dereva wa teksi halmashauri iliyompa leseni. Soma mkataba wako wa kazi kabla bosi hajasikia kwa wengine. Aliye kwenye viza, au anayejiandaa kuomba uraia, atatakiwa kutaja hukumu hii kwenye fomu. Kuificha kunaharibu zaidi ya hukumu yenyewe. Kabla ya kulipa ada kubwa za maombi, zungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Vituo vya ushauri vya hiari vingi havitozi.

Na kama ile chupa ndiyo tatizo lenyewe, daktari wako wa mtaani anaweza kukuelekeza kwenye huduma za kuacha pombe bila malipo. Nenda kabla ya tarehe ya kesi, kwa ajili yako na kwa ajili ya mtu ambaye siku nyingine angekuwa mbele ya gari lako. Barua ya huduma hiyo mahakimu huisoma.

Kurudishiwa leseni kuna bili yake. DVLA hukutumia fomu siku 56 kabla ya kufungiwa kuisha, kwa anwani waliyo nayo, hivyo ukihama wajulishe. Ada ya kuomba upya ni £65. Aliyepuliza 87.5 au zaidi, au aliyekataa kutoa sampuli, anahesabiwa mwenye hatari kubwa: ada ni £90, lazima apimwe na daktari kwa gharama yake, na haruhusiwi kuendesha mpaka DVLA imkubalie. Majibu ya damu yakionyesha bado unakunywa sana, leseni haitoki.

Bima ya kurudi ndiyo bili kubwa ya mwisho, na huenda kwa miaka ikapita faini mara kadhaa. Kosa linaandikwa kwenye rekodi yako kwa alama ya DR10 na kukaa miaka 11, lakini kampuni za bima huuliza la miaka mitano. Jibu ukweli, sera iliyopatikana kwa uongo hufutwa siku ya ajali. Kumwandika mkeo kuwa dereva mkuu wakati gari ni la kwako kila siku ni udanganyifu pia. Kinachoshusha bei ni gari dogo, kifaa cha kufuatilia uendeshaji na kulipa mwaka mzima ukiweza. Cheti cha kozi kitaje, maana baadhi hupunguza. Pata bei kwenye tovuti za kulinganisha na kwa dalali anayeshughulikia madereva wenye hukumu, wiki tatu hivi kabla ya siku ya kuanza, na uzipate kabla hujanunua gari, kwa sababu gari la £900 linaweza kuwa na bima ya £2,000.